Kinyonga Aliyelala Kijani

Kitu cha kwanza alichokiona Chiku hakikuwa kinyonga mwenyewe. Zilikuwa alama kwenye mkono wa mtoto: vidoa vyekundu, vitatu upande mmoja wa kidole na viwili upande wa pili, kama vile amebanwa na koleo dogo lenye meno. Vilianzia kwenye kidole cha shahada, vikapanda kiganjani, vikazunguka kifundo cha mkono na kupotelea ndani ya sweta. Vingine vilikuwa vimeshakauka. Vingine vilikuwa vibichi, vya asubuhi ileile.

Vitatu na viwili. Mguu wa kinyonga ndivyo ulivyo, vidole vitatu huku na viwili kule, na hivyo ndivyo anavyoshika kijiti. Lakini kinyonga aliyezoea mtu hushika kwa upole. Ukimsahau begani unaweza kwenda naye sokoni na kurudi. Huyu wa mtoto alikuwa amebana hasa, tena mara nyingi.

Chiku aliinamisha kichwa, akaendelea kupanga trei za nyenje.

"Mama Nyenje! Mungu akuweke, mwanamke wewe!" Mama wa mtoto alitua kizimba cha wavu juu ya meza kwa kishindo cha furaha. "Nimeshuka kutoka kwetu mlimani, nikasema leo sipiti meza ya mtu mwingine, hata wanigawie bure."

Shangazi Mwantumu, mwenye meza, alicheka kile kicheko chake cha kazini, kinachosikika mpaka mlangoni. "Karibu, Mama Rehani! Na wewe mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Bibi tena! Haya, tumwone bwana mkubwa."

Mama Rehani aliondoa kitambaa. Ndani, juu ya tawi la mpera, alikaa kinyonga wa kijani. Kijani cha jani la mgomba lililonyeshewa, bila doa wala mstari. Watu wa meza za jirani waligeuza shingo. Mmoja akapiga mluzi.

"Anaitwa Tembele," mtoto alisema.

"Tangu nianze kumlisha nyenje wako, Mama Nyenje, huyu hajabadilika," mama yake alidakia. "Zamani alikuwa ananipandisha presha. Leo manjano, kesho kahawia, mara tunakimbia hospitali na mtoto mgongoni. Sasa kijani asubuhi, kijani jioni. Mtoto anakwenda shule, mimi ninalima. Nyenje wako ni dawa, nakwambia."

"Siri iko kwenye chakula chao." Shangazi alimpiga Chiku begani. "Na siri yenyewe ni ya huyu hapa. Huyu mnayemwona kimya ndiye fundi wa nyenje."

Kutoka meza ya pili, Kidibule, muuza chatu, hakukubali kupitwa. "Jina la Chiku, la msema sana, walimpa yeye, maneno wakampa shangazi yake! Hata chatu wangu wanamzidi kwa porojo!"

Watu wakacheka. Chiku naye akatabasamu akitazama chini, kama ilivyokuwa kawaida yake kila alipotajwa. Na huko chini, usawa wa meza, ndiko ulikokuwa ule mkono. Mtoto alikuwa akisugua goti lake polepole, bila kulitazama, kama mtu aliyezoea kulisugua.

*

Ukumbi wa Maonyesho ya Watambaao mjini Morogoro ulikuwa umefurika. Chatu wa Kidibule walikuwa wamechorwa maua tangu wakiwa ndani ya yai, kwa rangi aliyoagiza mteja. Upande wa pili palikuwa na mijusi wanaong'aa gizani, kenge waliopunguzwa umbo mpaka wakaenea kwenye bakuli, na kobe wasiokua kamwe. Watu walikuja na watoto wao wamevaa nguo za sikukuu, wakachagua, wakabishana bei, kisha wakapita kwenye meza ya Shangazi Mwantumu kuchukua vifaa: taa ya joto, mkeka wa joto, chupa ya kupulizia maji, na nyenje wenyewe, wakiimba ndani ya trei za mayai zilizofungwa neti.

Hao wote walikuwa wanyama wa mapambo. Tembele alikuwa mlinzi.

"Mwonyeshe shangazi anavyokusalimia," Mama Rehani alimwambia mtoto.

Rehani alipandisha mkono wa sweta na kusogeza kifundo karibu na wavu. Jicho moja la Tembele lilizunguka, likasimama. Ulimi ukachomoka, ukagusa jasho la mtoto, ukarudi. Ilikuwa imekwisha kabla watazamaji hawajapumua.

Ndivyo walinzi walivyofanya kazi. Kabla ya kuanguliwa, yai lao lilitiwa tone la damu ya mgonjwa, na kinyonga alizaliwa akiijua damu hiyo kama mtoto anavyoijua harufu ya mama yake. Mtu mwenye selimundu alilambwa asubuhi na jioni. Damu ilipoanza kwenda kombo, ladha ya jasho ilibadilika, na ngozi ya mlinzi ikabadilika nayo, mapema, kabla maumivu hayajafika. Kijani, nenda shule. Manjano, kunywa maji mengi na upumzike. Nyeusi, hospitali, usingoje hata kuvaa viatu. Mlinzi hakutaka umeme wala mtandao. Alitaka nyenje na mvuke kidogo wa maji. Ndiyo maana hata zahanati ya kwao akina Rehani ilikuwa imeshaondolewa mashine ya kupimia damu. Ya nini tena, na walinzi wapo?

Tembele alikuwa amelamba. Akabaki kijani. Ila mguu wake wa mbele ulipita kwenye tundu la wavu, ukakamata kidole cha Rehani, ukakibana mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe.

"Aah, wewe!" Rehani alisema kwa sauti ndogo, akijinasua. "Ana mchezo mpya huyu. Kutwa kunibana."

"Anakupenda," alisema Shangazi.

"Kobe wangu je, mama?"

"Twende tukamchague. Nilimwahidi kobe akifaulu, na amefaulu," Mama Rehani aliwatangazia wote waliokuwa karibu.

Mtoto alisimama hatua moja, akakaa tena juu ya kreti. "Nenda wewe. Miguu inaniuma."

"Safari hiyo. Tembele si huyo hapo, kijani? Huna kitu."

Chiku alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, alilihisi likiwa limekaa juu ya ulimi kama kokwa. "Mama..." alianza.

"Atakaa hapa na dada yake Chiku," Shangazi alisema juu ya sauti yake. "Nenda tu mama, usiwe na wasiwasi. Mchague kobe mwenye macho makavu, yale ya majimaji ni ya ugonjwa."

Mama Rehani akapotelea kwenye umati.

*

Machicha ya mwani, chakula kile cha siri cha nyenje, yalikuwa wazo la Chiku.

Bondeni, chini ya nyumba ya Shangazi, palikuwa na kiwanda cha vitambaa, vile vitambaa vinavyogeuka rangi kadiri mvaaji atakavyo, kisha vikaganda hapo mpaka atake tena. Rangi iliganda kwa sababu ya maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye mwani uliooteshwa matangini. Machicha ya mwani yalimwagwa nyuma ya ukuta, bure, na anayetaka achukue. Chiku alikuwa ameacha shule darasa la tano, mama yake alipofariki na Shangazi akamchukua, na tangu hapo maisha yake yalikuwa nyenje: kuwapa maji, kuwatenga wakubwa na wadogo, kuwalisha mchicha na karoti siku chache kabla ya maonyesho, ili kinyonga atakayewala apate afya ya mchicha na karoti. Kila muuza nyenje alifanya hivyo. Kinyonga anakula alichokula nyenje.

Mwaka ule mboga zilipoadimika, alichukua kapu, akashuka bondeni, akarudi na machicha. Nyenje waliyagombania. Na vinyonga waliokula nyenje hao wakawa kijani kiasi kwamba watu walisimama kuwatazama. Wafugaji wa mapambo walikuja kutoka mbali. Shangazi aliezeka nyumba upya. Alimwita Chiku "mwanangu" mbele za watu kwa mara ya kwanza, na Chiku, ambaye hakuwahi kusifiwa kwa lolote, alilala siku hiyo akiwa na furaha iliyomwogopesha.

Walikuwa na kinyonga wao wa kuvutia wateja, jike zee lililoitwa Kikongwe. Kinyonga akilala hupauka. Rangi yote humtoka, akawa kama maji ya mchele, na ndivyo Kikongwe alivyolala miaka yote. Alfajiri moja Chiku alikwenda kuwapa nyenje maji, akamkuta Kikongwe usingizini, amekunja mkia kama kawaida yake. Alikuwa kijani. Kijani cha mchana, kilichokolea. Chiku alimgusa, akamwamsha, akamweka kwenye ubaridi, akamweka karibu na paka. Kikongwe alitanua mdomo kwa hasira, akavimba, akayumba, lakini ngozi haikusema kitu.

Chiku alielewa siku hiyo. Rangi ilikuwa imeganda.

Hakumwambia mtu. Kikongwe ni wa mapambo, alijiambia, na pambo likiwa zuri nani analalamika? Lakini baadaye, katika maonyesho yaliyopita, alifika kwenye meza yao mama mmoja mwenye kizimba chenye muhuri wa walinzi, akasema amesikia habari za nyenje wao. Chiku ndiye aliyemfungia trei. Alizifunga kwa kamba ya katani, fundo zuri, na katika muda wote wa kufunga fundo alikuwa na nafasi ya kusema. Mama yule alishukuru, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka. Mwanawe alivaa sweta kama hili.

Lilikuwa ni sweta hilihili.

*

"Dada, wewe huwa husemi kabisa?" Rehani aliuliza.

"Nasema."

"Haya sema kitu."

Chiku alifikiri. "Goti lipi linauma?"

"Yote." Mtoto alijaribu kucheka. Weupe wa macho yake ulikuwa na unjano wa mafuta ya mawese. "Na mgongo kidogo. Lakini si ile yenyewe. Ile yenyewe ikija Tembele huwa mweusi."

Chiku alichukua kanga yake, akafunika kizimba chote, pande zote, mpaka ndani kukawa usiku. Kisha akampa Rehani chupa ya maji. Mtoto alikunywa, akajilaza juu ya magunia ya majani makavu. Chiku aliuza taa mbili na trei moja ya nyenje bila kujua amemuuzia nani. Jicho lake halikutoka kwenye kanga. Mungu wangu, alisema moyoni, apauke. Apauke tu, nitakuwa nimekosea, nitacheka.

Aliinua ncha ya kanga kama mtu anayechungulia chungu. Tembele alikuwa amefumba macho, mkia umekunjwa, usingizi mtupu.

Kijani.

"Shangazi," Chiku alinong'ona. Alimvuta mkono mpaka nyuma ya pazia la meza. "Shangazi, mlinzi huyu ameganda. Kama Kikongwe. Haonyeshi tena. Mtoto anaumwa, na mama yake anaangalia rangi."

Shangazi Mwantumu hakuuliza ameganda vipi. Hilo ndilo lililomshtua Chiku zaidi ya yote. Alimtazama tu, uso ukiwa umechoka ghafla, na Chiku akajua kwamba hata Shangazi alikuwa ameshamwona Kikongwe akilala.

"Kila mtoto huumwa miguu," Shangazi alisema hatimaye.

"Huyu si kila mtoto."

"Chiku. Sikiliza. Walinzi si kazi yetu. Sisi tunauza nyenje. Hao wa kampuni inayowauza ndio waliowaambia watu wamwamini mdudu kuliko macho yao wenyewe. Kikiharibika kitu, wana bima, wana mawakili. Sisi tuna nini? Tuna wewe na mimi na trei." Alimshika mashavu kwa mikono miwili, kwa upole. "Ukifungua mdomo leo, hakuna atakayenunua hata chupa ya maji kwetu. Tutarudi kwenye ile nyumba inayovuja. Nimekulea, sijakusimanga hata siku moja. Nimekusimanga?"

"Hapana, shangazi."

"Basi. Mama yake akirudi nitamwambia mtoto amechoka, ampitishe hospitali wakapime. Hivyo tu. Bila hadithi ndefu."

Ilionekana kama njia nzuri. Chiku aliishika kama mtu anayeteleza anavyoshika ukuta. Mtoto apelekwe, nyumba ibaki na bati lake, na nani ameumia?

Kisha akainua macho, akatazama ukumbi. Mbele ya meza ya wauza vizimba palikuwa na mzee mwenye mlinzi kwenye bega: kijani. Karibu na mlango, msichana wa sekondari na kizimba chenye muhuri: kijani. Baba aliyebeba mtoto mchanga, mlinzi akining'inia kwenye kamba ya begi: kijani kama jani la mgomba lililonyeshewa. Wote walikuwa wamebeba trei zilizofungwa kwa kamba ya katani.

Nyuma yake Rehani alilia.

*

Hakikuwa kilio cha mtoto anayetaka mama. Kilikuwa kilio cha chini, cha pumzi, kama cha mtu mzima anayejizuia. Alikuwa amejikunja juu ya magunia, mikono imekumbatia mapaja, midomo imekauka. Ndani ya kizimba Tembele alikuwa ameamka. Alikuwa ameng'ang'ania wavu upande ule wa mtoto kwa miguu yote minne, akiutikisa mpaka kanga ikaanguka. Kijani kibichi, kinachong'aa.

Chiku alisimama juu ya kreti. Hakuamua. Alijikuta tu yuko juu, na ukumbi mzima uko chini yake.

"Mama Rehani!"

Sauti ilimtoka nyembamba, ikapasuka katikati. Kidibule aligeuka na chatu shingoni, mdomo wazi.

"Mama Rehani! Mama Rehani, njoo!"

Kidibule ndiye aliyeipokea, maana alikuwa na koo. "Mama Rehaniii! Unaitwa kwa nyenje! Mpisheni jamani, mtoto anaumwa!"

Mama alikuja akikimbia, kobe mdogo amemkumbatia kifuani kama mkate. Alipomwona mwanawe alimweka kobe mezani bila kutazama, akapiga magoti. Alijua la kufanya; mikono yake ilikuwa imefanya hivyo mara nyingi. "Maji. Nipeni maji. Na joto, nipeni kitu cha joto, chochote."

Chiku alichomoa mkeka wa joto uliokuwa chini ya trei, ule wa kuwekea mayai ya mijusi, akauzungushia kanga, akauweka kwenye magoti ya mtoto. Rehani alishusha pumzi.

"Lakini mbona," Mama Rehani alisema. Alikitazama kizimba. "Mbona Tembele ni kijani? Tembele ni kijani, jamani. Nimemtazama asubuhi. Nimemtazama jana, na juzi. Amesema mara nyingi miguu inauma, nikamwambia acha uvivu, mlinzi wako ni kijani. Nilimwambia hivyo. Mwanangu, nilikwambia hivyo."

Chiku alikuwa ameshika ncha ya kanga na hakuweza kuiachia.

Aliyejibu alikuwa Anosisye, dada wa kampuni ya walinzi, aliyekuwa na meza yake karibu na mlango. Alifika akihema, fulana yake ina picha ya ngao, mkononi ana kisanduku cheusi chenye kufuli. Alipiga simu ya gari la wagonjwa kwanza, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, kisha akamgeukia kinyonga.

"Ameshindwa kutoa onyo," alisema. "Pole sana, mama. Hutokea, si mara nyingi, lakini hutokea. Yai moja moja huwa na hitilafu. Utapewa mwingine, hutalipa kitu. Huyu naondoka naye sasa hivi."

"Anakwenda wapi?" Rehani aliuliza kutoka kwenye magunia.

"Anarudi kiwandani kwetu, mdogo wangu."

"Kufanya nini?"

Anosisye alifungua kufuli ya kisanduku. "Mlinzi mwenye hitilafu huzimwa," alimwambia mama, kwa sauti ya chini, kana kwamba watoto hawasikii sauti ya chini. "Ndiyo utaratibu. Hawezi kuaminiwa tena."

"Ndiyo, mbovu huyo," Shangazi Mwantumu alisema. Aliyasema maneno hayo haraka, kisha akakaa. "Nimemwona tangu alipofika. Macho yake hayakuwa sawa."

Chiku alimtazama shangazi yake, na shangazi yake hakumtazama.

Kidibule alikuwa amewavua chatu wake, akaja na kile kitoroli chake cha kubebea matangi ya kioo, amekitandika blanketi lake mwenyewe. "Gari haliingii mpaka huku ndani, watu wengi. Tumpandishe hapa. Taratibu, binti yangu. Umewahi kupanda gari la chatu? Leo utawaringia wenzako." Alikuwa akitania, huku akikunja ncha ya blanketi iwe mto.

Walimlaza Rehani juu ya kitoroli na mkeka wake wa joto. Watu walikuwa wamesogea wakafanya duara, na katika duara lile Chiku aliwaona: mzee na mlinzi wake begani, msichana wa sekondari, baba na mtoto mchanga. Wote walikuwa wakimtazama Tembele kama watu wanaotazama mwizi aliyekamatwa. Kisha mmoja mmoja wakawageukia walinzi wao, wakaona kijani, wakatulia.

Anosisye aliingiza mkono kwenye kizimba. Tembele hakumuuma, hakuvimba. Aliachia wavu, akajaribu kupita juu ya mkono ule kama mtu anayepita juu ya daraja, kuelekea kwenye kitoroli. Anosisye alimshika kiunoni. Miguu yake midogo ikabaki ikifumba na kufumbua hewani, vitatu na viwili, vitatu na viwili.

Rehani alinyoosha mkono wake wenye vidoa. Haukufika.

"Kwa nini hakuniambia?" alisema. Machozi yalimteremka mpaka masikioni. Hakumuuliza mama yake wala dada wa kampuni. Alimuuliza Chiku. "Dada, mimi nilimpa jina. Namlisha mwenyewe. Kwa nini Tembele hakuniambia?"

Kifuniko cha kisanduku kilikuwa wazi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kreti, mikono mapajani, akimtazama Chiku sasa, na katika macho yake hapakuwa na amri tena. Lilikuwa ni ombi tu. Kelele za ukumbi zilikuwa mbali. Karibu kulikuwa na nyenje, trei juu ya trei, wakiimba.

Chiku alishika kifuniko kisifungwe.

"Alikuambia, Rehani," alisema. "Alipoona ngozi yake haisemi tena, alikubana mkono. Amekuwa akikuambia siku zote hizo. Si mbovu. Nyenje wangu ndio waliomnyamazisha, na wenzake wote mnaowaona humu ndani, na mimi nilijua."